Muindi Mbingu: Shujaa wa Iveti aliyebaki kuwa jina la barabara

UKITOKA mjini Machakos na kushika njia ya kuelekea vilima vya Iveti, hukawii kufika Mumbuni. Ni mahali ambapo mji na kijiji vimekutana na havijaamua bado nani atampisha mwenzake. Kuna nyumba za kupanga na maduka ya simu kando ya njia, lakini nyuma yake migomba na mihindi imesimama kwenye matuta ya udongo mwekundu, na mbuzi amefungwa kwenye nguzo ya stima.

Simama katika steji ya bodaboda hapo asubuhi, ulitamke kwa sauti jina la Mutua. Usishangae wakigeuka vijana wawili wa pikipiki, mwalimu anayesubiri matatu na mzee mwenye mkongojo. Jaribu Musyoka, uone. Jaribu Wambua msimu wa mvua au msimu wa kiangazi, utaitikiwa vilevile.

Wakamba hawakuwa na jina la ukoo kama wanavyolielewa watu wa Ulaya. Mtoto aliitwa kwa jina la babu au nyanya yake, au kwa hali iliyokuwepo alipozaliwa. Wambua na Mumbua walikuja na mvua, Kioko alizaliwa asubuhi, Mutuku usiku, naye Mutua ni aliyekawia. Makarani wa serikali ya kikoloni na wamishonari walipofika na madaftari yao, walilichukua jina la baba wakaliandika mwisho kana kwamba ni jina la ukoo. Hivyo ndivyo watu wasio na udugu wowote walivyojikuta wakichangia jina moja kwenye vitambulisho.

Si ajabu, kwa hivyo, kwamba Mutua ni Alfred, gavana wa kwanza wa Machakos, na pia ni Makau, profesa wa sheria. Wa jina linalokaribiana, Musyoka na Musyoki, yuko Kalonzo aliyekuwa Makamu wa Rais kati ya 2008 na 2013, na yuko Michael aliyeiletea Kenya nishani ya shaba katika mbio za mita 10,000 kwenye Olimpiki za Los Angeles mwaka wa 1984.

Hata Wafaransa, wenye majina ya ukoo yaliyosimikwa kwa karne nyingi, wana mambo haya. Bernard mmoja, Claude, alikuwa bingwa wa elimu ya utendakazi wa mwili wa binadamu. Mwingine, Émile, alikuwa mchoraji. Wa tatu, Tristan, aliandika michezo ya kuigiza. Ukilisikia jina hilo peke yake Paris, hujui kama unaambiwa habari za maabara, za picha au za jukwaa.

Muindi nalo ni jina la wengi. Wapenzi wa riadha wanamkumbuka Jimmy Muindi, aliyeshinda mbio za marathoni za Honolulu mara sita. Hata hivyo, ukiliongezea jina hilo neno Mbingu, utata unaondoka mara moja. Mkazi wa Nairobi atajua unazungumzia barabara.

Hapo ndipo penye shida. Kwa miaka mingi katika dawati la uhariri nimelirekebisha jina hili zaidi ya ninavyoweza kukumbuka. Limeniletwa likiwa Mwindi, likiwa Muhindi, na mara moja likiwa limekatwa katikati kana kwamba habari ilihusu mambo ya mbinguni. Mwandishi mmoja mchanga, kijana mwerevu, aliwahi kuniuliza ikiwa huyo Muindi alikuwa tajiri wa Kihindi aliyeijenga barabara hiyo. Sikumcheka. Nilimwambia avute kiti.

Samuel Muindi Mbingu alikuwa Mkamba wa Ngelani, juu katika vilima vya Iveti, vilima hivyohivyo vinavyoonekana kutoka Mumbuni. Alikuwa wa kizazi cha kwanza cha Wakamba waliopitia mikononi mwa wamishonari, na jina Samuel ni ushahidi wa hilo. Kizazi hicho kilijua kusoma barua ya serikali na kujua pia namna ya kuijibu. Hakuwa chifu. Hakuwa na cheo ambacho mkoloni alikuwa amempa na angeweza kumnyang'anya, na bila shaka jambo hilo lilimsaidia.

Ili kuelewa alichokifanya, yafaa kwanza kuelewa ng'ombe.

Kwa Mkamba wa miaka ya 1930, ng'ombe hakuwa nyama. Alikuwa mahari ya kijana na fidia ya damu iliyomwagika. Alikuwa maziwa ya watoto, na zaidi ya yote alikuwa akiba ya mwaka wa njaa, kwa sababu katika Ukambani mvua huahidi na kuvunja ahadi. Mwenye ng'ombe kumi aliyekumbwa na ukame angeweza kufiwa na watano, akabadilisha wawili kwa nafaka, akabaki na watatu wa kuanzia upya. Mwenye watatu angebaki mikono mitupu. Kuongeza mifugo hakukuwa uroho, ingawa maafisa wengi waliliona hivyo.

Wakati huohuo, ardhi ya kulishia mifugo hiyo ilikuwa imepungua. Serikali ilikuwa imechora mipaka ya kile ilichokiita hifadhi ya Wakamba na kuwaacha nje ya malisho waliyoyazoea. Vilima vya Mua vilikwenda kwa walowezi. Nyanda za kuelekea Athi na pande za Ol Donyo Sabuk zikawa mashamba ya wazungu. Uwanda wa Yatta, ambako wafugaji walikimbilia kila nyasi zilipokauka nyumbani, ukahesabiwa kuwa ardhi ya Mfalme wa Uingereza. Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Jaji Morris Carter ilitoa ripoti yake mwaka wa 1934, na mipaka hiyo ikabaki kwa sehemu kubwa pale ilipokuwa.

Watu na ng'ombe wakasongamana. Ukame na nzige wa mwanzo wa muongo huo wakamaliza kazi. Udongo wa Machakos ulianza kuondoka kwa kila mvua, makorongo yakakatiza vilima, na wataalamu wa kilimo waliotumwa huko, Colin Maher akiwa mashuhuri zaidi miongoni mwao, wakaandika taarifa za kutisha kuhusu nchi iliyokuwa ikigeuka jangwa.

Haki itendeke hapa: hawakuwa waongo. Mmomonyoko ulikuwepo, na wazee wa Ukambani waliuona kwa macho yao kabla ya mzungu kuupiga picha. Tatizo lilikuwa dawa waliyoiandika. Badala ya kuuliza ni kwa nini watu walikuwa wamebanwa pale walipobanwa, serikali iliamua kwamba ng'ombe ndio waliozidi, na kwamba waliozidi lazima waondoke kwa hiari au kwa nguvu.

Mwaka wa 1938 amri ilianza kutekelezwa. Kila eneo lilipangiwa idadi ya mifugo inayoruhusiwa. Maafisa na askari walihesabu mazizi, wakawatenga ng'ombe wa kubaki na wa kwenda, na wale wa kwenda wakapelekwa mnadani. Bei ilikuwa ya kutupa, maana muuzaji hakuwa na hiari na mnunuzi alijua hivyo.

Lipo jambo lililoifanya hasira iwake zaidi. Kule Athi River, kwenye reli kati ya Machakos na Nairobi, kampuni ya Liebig ilikuwa imejenga kiwanda cha kusindika nyama. Kiwanda hicho kilihitaji ng'ombe wengi kila mwaka, tena wa bei nafuu. Mkamba aliyemwona ng'ombe wa marehemu baba yake akiswagwa kuelekea Athi hakuhitaji msomi wa kumfafanulia uhusiano uliokuwepo. Maafisa walishikilia kwamba nia yao ilikuwa kuokoa udongo. Huenda wengi wao waliamini hivyo. Lakini njia ya ng'ombe ilionekana wazi.

Ngelani ndiko moto ulikoanzia. Wakazi walikataa kupeleka mifugo, na ilipochukuliwa kwa nguvu walikataa kuinunua ng'ombe wa jirani zao mnadani. Walikula kiapo cha pamoja cha kutoshirikiana na zoezi hilo, na kwa Mkamba wa wakati huo kiapo kilikuwa kitu cha kuogopwa kuliko askari. Chama kikaundwa, Ukamba Members Association, na miongoni mwa waliokiongoza walikuwa Elijah Kavulu, Isaac Mwalonzi, Simeon Kioko na Muindi Mbingu. Muindi ndiye aliyejitokeza kuwa sauti yake.

Barua zilitangulia. Waliandika malalamiko na kuomba kusikizwa. Walipoona majibu yanazunguka katika ofisi zilezile zilizotoa amri, wakaamua kuyapeleka kwa miguu yao.

Mwisho wa Julai 1938, Wakamba kwa maelfu waliondoka Machakos kuelekea Nairobi, mwendo wa kilomita zipatazo 60. Hawakuwa wanaume peke yao. Wanawake walikuwemo, watoto walikuwemo, na chakula cha siku kadhaa. Hawakuja na mishale, ingawa Mkamba na mshale wake walikuwa na sifa Afrika Mashariki nzima. Walikuja kumwona Gavana, wamweleze wenyewe, kisha warudi nyumbani na ng'ombe wao.

Walipiga kambi Kariokor. Msomaji anayelijua soko hilo kwa vyondo na nyama choma huenda asikumbuke kwamba jina lake linatokana na jeshi la wapagazi la Vita vya Kwanza vya Dunia, ambalo liliwachukua maelfu ya Waafrika, Wakamba wakiwemo, kubeba mizigo ya Waingereza huko Tanganyika, na wengi hawakurudi. Miaka 20 baada ya vita hivyo kwisha, watoto na wajane wa jamii zilizotoa wapagazi walikuwa wamelala hapo wakidai mifugo yao.

Gavana wakati huo alikuwa Robert Brooke-Popham, mwanajeshi wa anga aliyeingia Kenya mwaka wa 1937. Hakutaka kukutana nao Nairobi. Msimamo wake ulikuwa kwamba warudi kwao kwanza, naye angefika Machakos kuzungumza nao barazani. Wao walisema hawaondoki. Siku zikawa wiki.

Katika wiki hizo, jambo lilitokea ambalo serikali haikulitarajia. Kilio cha Wakamba kilipata masikio nje ya Ukambani. Kikuyu Central Association, ambayo ilijua uchungu wa ardhi kwa uzoefu, ilisimama nao. Isher Dass, mjumbe wa Kihindi katika Baraza la Kutunga Sheria, aliyekuwa amefuatana na Jomo Kenyatta hadi London mwaka wa 1929, aliwasaidia na kulifikisha suala hilo barazani. Kenyatta mwenyewe alikuwa Uingereza mwaka huo, mwaka uleule alipochapisha kitabu chake kuhusu Wakikuyu, na aliandika katika gazeti la Manchester Guardian kuwaeleza Waingereza yaliyokuwa yakitendeka Machakos kwa jina lao.

London ilianza kuuliza maswali. Na swali lililowakosesha maafisa usingizi halikuhusu udongo. Wakamba walikuwa nguzo ya polisi na ya jeshi la Keya, yaani King's African Rifles. Ulaya ilikuwa inanukia vita, na kila mtu mwenye kufuatilia habari alijua. Je, ilikuwa busara kuwachokoza wazazi wa askari wako wakati unakaribia kuwahitaji askari hao?

Gavana alikwenda Machakos mwezi wa Agosti na kuhutubia baraza. Hakukubali kwamba serikali ilikosea. Ila kabla mwaka haujaisha, upunguzaji wa mifugo kwa lazima ulikuwa umesitishwa.

Kwa lugha nyepesi, wakulima na wafugaji wasio na silaha walikuwa wameilazimisha serikali ya kikoloni kurudi nyuma, miaka 14 kabla ya kutangazwa kwa Hali ya Hatari. Sijui matukio mengi ya namna hiyo katika historia ya Kenya, na hunishangaza kwamba tunalitaja hili kwa nadra tunapohesabu mapambano yetu. Tumezoea kuanza hesabu msituni.

Malipo yalikuja haraka, na yalimwangukia mtu mmoja. Septemba 1938, Muindi Mbingu alikamatwa na kuhamishiwa Lamu. Ilikuwa desturi ya serikali hiyo kumng'oa msumbufu na kumpanda mbali, mahali asipojua lugha ya jirani wala jirani asipomjua. Harry Thuku alikuwa amepelekwa Kismayu mwaka wa 1922. Mwanamume wa vilima vya Iveti, aliyezoea baridi ya asubuhi na mlio wa kengele za ng'ombe, alitupwa kisiwani, katika joto na chumvi, kwenye mji wa waungwana wa Kiswahili ambako usafiri ni jahazi na punda.

Alikaa huko miaka mingi. Vita alivyokuwa ameviogopa mkoloni vilianza akiwa huko. Wakamba walijiandikisha jeshini kwa wingi, wakapigana hadi Burma, akiwa huko. Mwezi wa Mei 1940 chama chake kilipigwa marufuku pamoja na Kikuyu Central Association na kile cha Taita, na viongozi wengine wakazuiliwa, akiwa huko. Isher Dass aliuawa kwa risasi Nairobi mwaka wa 1942. Brooke-Popham alikwisha kuondoka Kenya kabla ya hapo, akapewa ukuu wa majeshi ya Uingereza huko Mashariki ya Mbali, na akaondolewa wadhifa huo Wajapani walipoishambulia Malaya mwishoni mwa 1941. Waliokuwa wahusika wakuu wa Agosti 1938 walikuwa wametawanyika, na yule aliyeanzisha safari bado alikuwa Lamu.

Alirejea nyumbani vita vilipokwisha. Ukambani aliyoikuta ilikuwa imebadilika. Askari waliorudi kutoka ng'ambo walikuwa na fedha kidogo na mawazo mengi. Siasa ilikuwa imepata vijana wapya, Paul Ngei akiwa mmoja wao, na lugha ya siasa hiyo haikuwa tena ya kuomba kusikizwa na Gavana. Muindi hakupata tena jukwaa kama lile la Kariokor.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, na nchi ikaingia katika miaka ambayo jirani alimwogopa jirani. Muindi Mbingu aliuawa katika kipindi hicho. Hakuiona bendera ya mkoloni ikishushwa. Mtu aliyewaongoza maelfu bila kumwaga damu alikufa kifo cha damu.

Wakati huo ardhi aliyoitetea ilikuwa imeanza kujibu swali la Colin Maher kwa njia nyingine. Serikali, baada ya kushindwa na ng'ombe, iligeukia matuta. Mwanzoni yalichimbwa kwa kulazimishwa, na yalichukiwa. Lakini wakulima wenyewe, hasa wanawake katika vikundi vyao vya kusaidiana viitwavyo mwethya, waliyachukua matuta hayo na kuyaendeleza kwa namna waliyoiona inafaa, hata baada ya uhuru.

Mwaka wa 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti uliosomwa duniani kote. Walionyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 idadi ya watu wa Machakos iliongezeka zaidi ya mara tano, na mmomonyoko ukapungua badala ya kuongezeka. Nchi iliyotabiriwa kuwa jangwa ilikuwa ikilisha watu wengi zaidi. Wapo wasomi walioyapinga baadhi ya maelezo ya kitabu hicho, wakisema ukaribu wa soko la Nairobi na fedha za mishahara vilichangia zaidi ya inavyosemwa. Hilo ni sawa. Ila hakuna aliyerudi kusema kwamba dawa ilikuwa kuswaga ng'ombe hadi Athi River.

Ukipanda kutoka Mumbuni kuelekea Iveti leo utayaona matuta hayo, moja juu ya jingine, na ng'ombe wachache wa maziwa wakilishwa zizini majani yaliyokatwa kingoni mwa matuta. Makundi makubwa hayapo. Yalipungua polepole, kadiri mashamba yalivyogawanywa kati ya wana na ada za shule zilivyopanda, na mwenye ng'ombe ndiye aliyeamua siku ya kumuuza.

Baada ya uhuru, Nairobi ilipobadilisha majina ya barabara zake, ile iliyokuwa ikiitwa Stewart, kwa heshima ya kamishna Mwingereza Donald Stewart, ilipewa jina la Muindi Mbingu. Inapita sambamba na ile ya Koinange, mzee mwingine wa kesi za ardhi, na kuishia upande wa bustani ya Jeevanjee. Maelfu huipita kila siku wakienda benki, chuoni au msikiti wa Jamia ulio jirani. Wanasema watakutana Muindi Mbingu, wameegesha gari Muindi Mbingu, wamenunua viatu Muindi Mbingu.

Katikati ya barabara hiyo limesimama soko la City Market, lililokuwepo tangu miaka ya 1930, upande mmoja ukitazama Koinange na mwingine ukimtazama Muindi. Linasifika kwa maua, kwa vinyago vya watalii na kwa mabucha yake. Asubuhi na mapema magari huwa yanashusha nyama hapo, na wachukuzi waliovaa makoti meupe huipakata mabegani na kuiingiza ndani, nusu ng'ombe baada ya nusu ng'ombe.